Mwaka Iliporudi Bia ya Quirin

Mimi naitwa Afra Loibl, na kwa miaka ishirini na miwili nimebeba bia katika hema kubwa la sikukuu ya bia ya mji wetu, Grünlohe. Bilauri kumi kwa safari moja, tano kila mkono, kila moja lita nzima. Mikono yangu ni minene kuliko mapaja ya meya wetu, na hilo si tusi langu, ni mkewe aliyelisema, tena mbele ya watu. Naitaja mikono hii ili ujue kwamba siku ile nilikuwa ndani ya hema, karibu kabisa na jukwaa, na kwamba haya sikuhadithiwa.

Sikukuu yetu huanza Jumamosi ya mwisho ya Agosti, ikaenda siku tisa. Siku hizo tisa watu wa Grünlohe hawawi watu elfu nne, wanakuwa taifa. Mwanamume ambaye mwaka mzima huomba ruhusa kwa mkewe kabla ya kufungua dirisha huvaa kaptura ya ngozi ya babu yake, akachomeka unyoya kofiani, akaanza kusema "sisi" kwa sauti ya jemadari. Sisi tuna bia bora duniani. Dunia yenyewe huishia darajani, kwa sababu ng'ambo ya daraja ni Schelmau, na kila mtoto wa Grünlohe anajua, hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwamba Schelmau wanapika maji ya bata.

Bia yetu hupikwa na Ottilie Hirnbeck. Mimi na yeye tulisoma darasa moja, na siku zisizo za sikukuu nahudumu katika baa ya kiwanda chake. Baba yake, Quirin, alikuwa mtu wa kimo kifupi na maneno mafupi zaidi. Alipofariki alimwachia binti yake kiwanda, pango la kulazia bia, na daftari la vipimo lililoandikwa kwa penseli. Ottilie hakubadilisha hata nukta. Shayiri ileile, hamira ileile, maji ya kisima kilekile. Wenzake walilala na waume, yeye alilala na kipimajoto. Na kila mwaka, kwa miaka kumi na mmoja, siku ya ufunguzi wanaume walionja, wakatazama juu kama wanaosubiri barua kutoka mbinguni, kisha wakatoa hukumu.

"Nzuri. Nzuri tu. Lakini si kama ya Quirin."

"Baba nilimpenda," Ottilie aliwahi kuniambia tukifuta meza. "Lakini Afra, mapipa mawili ya mwisho ya maisha yake nilipika mimi. Yeye alikuwa kitandani, hawezi hata kushika kijiko. Walikunywa wakalia kwa utamu."

"Si uwaambie?"

"Niwaambie nini? Fundi aliyekufa hapiki bia mbaya, shoga yangu."

Basi mwezi wa Juni mwaka ule meya wetu, Gundolf Prexl, akataka apigwe picha ya kalenda ya mji. Kabla ya kuwa mlinzi wa mila, Prexl alikuwa akiuza madirisha ya plastiki. Alipochaguliwa tu akafuga ndevu, maana aliambiwa mila bila ndevu haina uzito, na kufikia Juni zilikuwa zimemfika kifuani. Alitaka apigwe picha ameinama juu ya beseni kubwa la bia inayochachuka, bia ya sikukuu yenyewe, kama baba anayemtazama mtoto mchanga.

"Bwana Meya, inuka kidogo," Ottilie alimwambia. "Bia ikiwa katika hali hii haitaki mtu karibu."

"Mama, mimi si mtu, mimi ni meya," akajibu, na waliokuja naye wakacheka kama ilivyowapasa.

Mpiga picha akasema, "Tena mara moja, bwana, na tabasamu." Prexl akainama zaidi, akatabasamu, na ndevu zikazama ndani ya povu hadi kidevuni. Alipoinuka alikuwa kama beberu aliyefumaniwa kwenye ndoo ya maziwa. Mpiga picha alifurahi sana. Akaomba arudie. Akarudia.

Ottilie hakulala usiku huo wala uliofuata. Alisafisha alichoweza kusafisha, akatumaini. Bia ya sikukuu hulazwa pangoni wiki nane, na hakukuwa na njia ya kuiharakisha. Wiki ya tatu ya Agosti aliniita pangoni, akafungua koki, akanipa kibilauri kidogo.

"Onja."

Nilionja. Nimezaa watoto watatu, nimemuuguza mama mkwe hadi kaburini, lakini sikuwahi kukunja uso namna ile. Ilikuwa siki iliyolowekewa soksi.

"Yote?"

"Matangi yote. Nilikuwa nimeshaichanganya na nyingine kabla haijaonyesha."

Akaenda kwa meya. Mimi nilimsindikiza, nikabaki mlangoni, na mlango wa ofisi ya meya ni wake mwenyewe, wa plastiki, unapitisha kila neno.

"Haiwezi kuwa ndevu zangu," Prexl alisema. "Naziosha kwa sabuni ya mitishamba."

"Bwana Meya, sikuja kukulaumu. Nimekuja kukwambia hakuna bia. Tutangaze mapema, watu wajue."

"Kutangaza? Sikukuu hii haikukatizwa hata na tauni! Wewe ni fundi wa bia, mimi ni fundi wa mji. Mimi mji ninao. Bia yako iko wapi?" Kisha akashusha sauti. "Mama Hirnbeck, mimi sitaki kujua utafanyaje. Nataka Jumamosi ya ufunguzi saa sita nipige nyundo pipani, itoke bia. Ikitoka hewa, nitawaambia watu ukweli, kwamba kiwanda kimemshinda binti wa Quirin. Nao wataamini bila taabu."

Ottilie alitoka na uso mkavu. Hakunitazama. Tulipofika kwenye gari langu akasema, "Nipeleke Schelmau."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mara ya mwisho mtu wa ukoo wa Hirnbeck kuvuka daraja kwenda kwa kina Zwack, alikwenda na rungu.

Leonhard Zwack, fundi wa bia wa Schelmau, tulimkuta uani anaosha mapipa. Ni mjane, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa mwendo, wa kutafuna neno kabla ya kulitoa. Ottilie hakuzunguka. Alisema kila kitu pale pale amesimama, hadi ndevu, hadi mlango wa plastiki. Zwack akafunga maji, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Bia ninayo," akasema. "Mwaka huu nimepika ya ziada, harusi mbili zimevunjika. Chukua."

"Bei yako?"

"Bei ya dukani, hiyo si kitu. Ila nina sharti." Akatafuta maneno. "Ninyi mna wale wazee watatu. Wale wa Ndimi."

Tulijua anachosema. Katika hema letu kuna meza ya Ndimi Tatu. Ni wazee watatu waliochaguliwa kwa ubora wa ulimi, na cheo hicho ni cha maisha. Siku ya ufunguzi, meya akishatoboa pipa, wao huonja bia yetu kwanza wakaisifu. Kisha huletewa bilauri ya bia ya Schelmau, iliyonunuliwa dukani, wakaionja mbele ya umati wakaitema ndani ya ndoo ya bati. Hema zima hupiga kelele, "Maji ya bata!" Watalii wanaipenda sana.

"Miaka thelathini na moja natemwa pale," Zwack akasema. "Kabla yangu alitemwa baba. Sijawahi kuona kwa macho. Nataka nikae meza ya mbele nione. Sitasema neno. Nataka tu kuona wakiimeza."

Kulikuwa na tabu ya kuivusha bia bila macho ya watu, na daraja ni moja. Lakini Jumatano iliyofuata timu ya taifa ilikuwa inacheza saa kumi alasiri, na saa kumi alasiri hakukuwa na paka barabarani. Binamu yake Zwack alikuwa na lori la maziwa. Aliliosha kwa maji ya moto mara tatu, akavuka nalo daraja mchana kweupe, jua linawaka, akamwaga, akarudi, akavuka tena. Safari nne. Mechi ilikwenda muda wa ziada hadi penalti, Mungu ni mwema. Mpira wa mwisho ulipogonga mwamba na mji mzima ukapiga yowe madirishani, Ottilie alikuwa anafunga koki ya tangi la mwisho.

Jumamosi ikafika. Hema likajaa tangu saa nne: bendi ya matarumbeta, kuku wa kuchoma, figili zilizokatwa nyembamba kama karatasi, wanawake wamekazwa kwenye magauni hadi hawawezi kuvuta pumzi. Zwack akaingia na kofia yake ya Jumapili, akaketi meza ya mbele. Watu wakamtambua mara moja.

"Heee! Zwack! Leo umechoka maji ya bata?" mmoja akampigia kelele.

"Nimekuja kujifunza, ndugu yangu."

"Mleteeni kiti cha mtoto! Ndiyo kwanza anaanza!"

Zwack akacheka nao. Nilimwekea bilauri mbele yake, akainusa bia yake mwenyewe, akanitazama, akainamisha macho.

Saa sita kamili Prexl akapanda jukwaani na nyundo ya mti. Kazi ni kupigilia koki ya shaba ndani ya pipa. Meya wa zamani alikuwa anamaliza kwa mapigo mawili. Prexl alipiga tisa. Kisha akatangaza kwenye maikrofoni kwamba saba yalikuwa ya kusalimia mababu. Bia ikatoka, ya dhahabu, povu nene, na umati ukaimba.

Wakaitwa Ndimi Tatu. Mkubwa wao, Severin Dobler, ni karani mstaafu wa mahakama, na kila akionja huonja kama anayesaini hati ya kunyonga. Wa pili ni Pankraz, mchinjaji. Wa tatu, Emmeram, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa kwa miaka arobaini, mzee mwembamba asiye na maneno. Nikawapelekea bilauri tatu za bia "yetu." Hema likanyamaza hadi ukasikia mafuta ya kuku yakidondoka makaani.

Severin akanywa funda moja, akafumba macho. Funda la pili, jicho moja likimwibia Pankraz, aliyeanza kulamba povu akitabasamu. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akavua kofia.

"Quirin," akasema.

Pankraz akanywa, akapiga meza. "Ni yeye! Ni mkono wake!"

Emmeram akanywa, akatikisa kichwa polepole kukubali, na chozi likamtoka.

"Ndugu zangu," Severin akasema kwenye maikrofoni, sauti inatetemeka, "miaka kumi na mmoja binti wa watu amehangaika. Tumemvumilia. Tulikunywa kwa heshima ya marehemu. Leo hatimaye ameacha ujuaji, amefuata njia ya baba yake. Hii ni bia ya Quirin Hirnbeck. Imerudi!"

Watu walisimama juu ya mabenchi. Wanaume wazima walikumbatiana wakilia. Prexl akambusu Ottilie mashavu yote mawili kwa ndevu zile zile. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, na niliuona uso wa Ottilie. Wakati wote huu alikuwa na hofu ya kugunduliwa, nilijua. Lakini sasa haikuwa hofu tena. Alikuwa kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto na bado anaamua alie au apige.

Ikaletwa bilauri ya pili, ya Schelmau, kutoka chupa ya dukani. Bia ileile kabisa, tangi lilelile, mpishi mmoja. Severin akaiweka mdomoni, uso ukamkunjamana kama tambara, akatema ndani ya ndoo.

"Jasho la farasi!"

"Tena farasi mgonjwa!" Pankraz akaongeza, naye akatema. Emmeram akatema.

"Maji ya bata! Maji ya bata!" hema zima.

Zwack aliketi mikono magotini. Alikuwa amesema anataka kuona, na alikuwa ameona. Shingo yake yote ilikuwa nyekundu, lakini mdomo alifunga, alitimiza ahadi yake.

Aliyeshindwa kufunga mdomo ni Ottilie. Alimpokonya meya maikrofoni. Simaanishi aliomba.

"Mzee Severin," akasema. "Sema tena. Hii ya kwanza ni ya nani?"

"Ya baba yako, mwanangu! Usione haya!"

"Hii ya kwanza ni ya Leonhard Zwack." Akaonyesha kwa kidole. "Na ya pili pia ni ya Leonhard Zwack. Zote mbili zimetoka tangi moja, Schelmau. Bia yangu imeharibika. Meya alichovya ndevu ndani, mara mbili, kwa ajili ya kalenda, na asiyeamini apite pangoni kwangu akainuse. Matangi ya huku niliyajaza Jumatano, mlipokuwa mnatazama penalti."

Mtoto mmoja aliuliza kitu, akazibwa mdomo.

"Miaka kumi na mmoja nimewapikia ya baba," Ottilie akaendelea. "Kwa daftari lake, gramu kwa gramu. Mkasema si yenyewe. Leo mmekunywa ya jirani mnayemtema, mkalia mkasema ndiyo hiyo. Sasa niambieni, ninyi mnaonja kwa kitu gani?"

Nitakwambia nilichotarajia, maana mimi pia ni mjinga. Nilitarajia aibu. Nilidhani wazee wale watainama, mtu atamwomba Zwack radhi, meya atatoka kupitia nyuma ya hema. Nilishika sinia langu kifuani nikisubiri aibu iingie kama mtu anavyosubiri mvua.

Severin Dobler alivaa kofia. Alikunywa tena, kidogo, kwa makini. Kisha akainua kidole.

"Ulimi wangu haujawahi kukosea," akasema polepole. "Nimesema hii ni bia ya Quirin, na ni bia ya Quirin. Binti anasema imetoka Schelmau. Binti hana sababu ya kudanganya. Basi jawabu ni moja tu." Akageuka kumtazama Zwack. "Wameiba daftari!"

Ungesikia jinsi hema lile lilivyopumua! Watu elfu mbili, pumzi moja. Kisha likalipuka.

"Wezi!"

"Nilijua! Mimi tangu zamani nilijua!"

"Na ile ya chupa, mbona mbaya?" mwanamke mmoja akauliza, akili zake zikiwa bado hazijalewa.

"Mama, fikiri!" Prexl akajibu, amepata maikrofoni yake. "Ile mbaya wanaiuza dukani ili watu wasishuku. Ile nzuri wanaificha wanakunywa wenyewe!" Akashangiliwa kuliko siku aliyochaguliwa. Kuhusu ndevu hakuna aliyeuliza. Bendi ikapiga, bilauri zikagongana, na kwa siku hiyo peke yake nilibeba bia nyingi kuliko sikukuu yoyote ya maisha yangu. Waliinywa bia ya wizi kwa uchungu mkubwa, lita baada ya lita, wakimtazama Zwack kwa hasira na kuomba nyingine.

Nilimpelekea Zwack kuku. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, na sikuweza kujua yale ya kicheko yaliishia wapi.

"Dada," akaniambia, "nilikuwa mpika maji ya bata. Sasa nimepandishwa cheo, ni mwizi."

"Pole, kaka."

"Pole ya nini? Mwizi huonewa wivu. Bata hawaonewi wivu na mtu."

Alimaliza kuku wake, akamshika Ottilie mkono mbele ya wote, akaondoka kwa miguu kupitia darajani.

Jumatatu baada ya sikukuu kamati ikamwita Ottilie. Nilikuwa nawamiminia kahawa. Walikuwa wameandika tangazo tayari, kwamba Bibi Hirnbeck, kwa uchovu wa kazi, alifanya mzaha usioeleweka. Kwamba ndevu za Bwana Meya hazikuhusika kwa namna yoyote. Na kwamba mji utadai kurejeshewa siri ya bia yake. Prexl akamsukumia kalamu.

"Saini tu, mama, mambo yaishe."

"Hapa mmeandika mzaha," Ottilie akasema. "Mzaha gani? Wa kwangu au wenu?"

"Usifanye ukaidi. Watu wanakupenda. Bado."

"Gundolf," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita kwa jina tupu, "kiwanda Grünlohe ni kimoja, na sheria ya sikukuu yenu inasema bia lazima itoke ndani ya kuta za mji. Mkinifukuza, mwakani mtatoboa pipa la limau. Kwa hiyo nisikilize mimi. Mlango wa pango langu hautaona tena kidevu chako. Na karatasi hii siisaini." Akainuka, akanywa kahawa yake akiwa amesimama, akaenda zake.

Barua kwenda Schelmau iliandikwa hata hivyo, na wakili, kwa maneno marefu, kudai daftari. Schelmau hawakujibu kwa barua. Walituma kreti mbili za chupa za dukani, "kwa uchunguzi." Kamati ilizichunguza jioni moja chumba cha mkutano, mlango umefungwa. Mimi ndiye niliyeingia kusafisha. Chupa zote arobaini zilikuwa tupu, na ndoo ya kutemea ilikuwa kavu.

Majira ya baridi Ottilie akaishusha picha ya baba yake iliyokuwa juu ya matangi. Hakuitupa, aliitundika jikoni kwake, mahali anapokunywa chai. Daftari la penseli akalifungia kabatini. Akaanza kupika kitu chake, rangi ya kahawia, na chungu kidogo mwishoni. Alimwaga mara nne, akaanza upya, akawa anaimba kazini, jambo lililotutia wasiwasi wote. Zwack alikuwa anakuja Alhamisi kuonja. Walibishana kuhusu hamira kama wezi wanaogawana ng'ombe. Watu wakaanza kusema wataoana. Nilimuuliza Ottilie.

"Nimekaa miaka kumi na mmoja chini ya mwanamume aliyekufa," akasema. "Niache kwanza nikae peke yangu."

Mwezi wa Machi, asubuhi, baa ikiwa haina mtu, akaingia mzee Emmeram. Yule mwembamba, Ulimi wa tatu. Alishika kofia mbele ya tumbo lake kwa mikono miwili. Akauliza kama Ottilie yupo. Nikamwita, akatoka nyuma na buti za mpira.

"Sikai," Emmeram akasema, akakaa.

"Mwanangu, siku ile nilitema," akaanza. "Na kabla ya hapo nililia."

"Nilikuona, mzee."

"Mimi miaka sita sasa sionji kitu." Alisema kwa haraka, kama anayeng'oa jino. "Niliugua homa ile kali, unakumbuka. Nilipopona, pua na ulimi havikurudi. Supu, kahawa, mkate, yote ni kama kutafuna karatasi. Sikumwambia mtu. Cheo ni cha maisha, ningewaambia nini? Namtazama Severin. Akivua kofia nalia, akitema natema."

Ottilie akasogea karibu na meza yake. Nami nikaweka kitambaa changu chini.

"Na Severin?" Ottilie akauliza. "Yeye anaonja?"

Mzee akaikunja kofia. "Mara moja nilimuuliza anajuaje. Akaniambia huwa anamtazama Pankraz."

Sikuweza kujizuia, nilikimbilia jikoni, nikacheka ndani ya taulo hadi nikaumwa mbavu. Niliporudi, Ottilie alikuwa amemjazia bilauri ya bia yake mpya, ile ya kahawia, na ameketi mbele yake, viwiko mezani.

"Kunywa," alikuwa anamwambia. "Hakuna mtu hapa wa kumtazama."

Emmeram akanywa funda, akasubiri, akanywa jingine. Alitafuta kwa bidii, uliona kwenye koo lake. Kisha akatikisa kichwa, amesikitika.

"Ni baridi," akasema. "Ni baridi vizuri. Na povu ni laini. Zaidi ya hapo, mwanangu, sijui."

"Ni baridi," Ottilie akarudia. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, na uso wake ukafunguka kama dirisha lililokwama miaka. "Mzee wangu, tangu nianze kazi hii, hilo ndilo neno la kwanza la kweli kusemwa juu ya bia yangu."

Akamjazia tena, akajimiminia na yake, na mimi akanisukumia kiti.